Nyumba Tuliyopigia Picha

Siku ile tuliokuwa ndani ya basi ni hawa. Sadiki, dereva, mwenye basi dogo la viti tisa, ambaye siku za kazi aliwabebea watu makabati na magodoro. Mama Zawadi wa Bukavu, mwenye mwili mkubwa na kicheko kikubwa zaidi. Mama Hawa, mjane. Fatuma na Anjelani, marafiki waliogombana tangu mwezi wa tatu, wakakaa kiti kimoja kwa sababu kila mmoja alikataa kuwa wa kwanza kuhama. Riziki, mdogo wangu. Amani, mdogo wetu wa mwisho, mwenye miaka kumi na mmoja, ambaye hakuwa na miezi miwili tangu afike Ulaya. Mimi, dada yao mkubwa, ambaye wao huniita yaya, kama watoto wote wa kwetu Uvira wanavyomwita mkubwa wao. Na mbele, kando ya dereva, mkoba juu ya magoti na miwani juu ya paji la uso, Maman Présidente.

Nawataja wote kwa sababu wote wako hai, na mtu akisema nimetia chumvi, aende akawaulize.

Jina lake nalijua, lakini halikutumika. Alikuwa mwenyekiti wa chama chetu cha akina mama wa Bujumbura, Uvira na Bukavu tuliokuwa tukiishi Brussels, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumpigia kura. Alizaliwa wapi na kwa nani, si yangu kusimulia. Mimi nitaeleza niliyoyaona.

Chama chetu kilikuwa na kazi mbili: kuzika na kutembea. Kuzika, vyama vyote hufanya. Kutembea lilikuwa jambo lake. Kila kiangazi tulikwenda kulala usiku mmoja katika mji mdogo wa Ujerumani. Hatukwenda Paris wala pwani. Paris, alisema, ni Bruxelles yenye kiburi, na bahari ni maji tu ambayo hayanyweki. Yeye alitaka ile miji ya bondeni yenye mto katikati, ambako nyumba zina mbao nyeusi zilizokatiza ukuta mweupe kama mishono juu ya nguo, paa za mawe membamba, na maua mekundu katika kila dirisha. Tulikwenda Cochem, tukaona ngome juu ya kilima na mizabibu iliyopandwa mahali ambapo mbuzi angeanguka. Tulikwenda Bernkastel. Tulikwenda Monschau zaidi ya mara moja, kwa sababu ni karibu, na kwa sababu huko alipata nyumba ya wageni ambayo mwenyewe hakushangaa kuona kundi la wanawake weusi wakishuka na vilemba vyao.

Alifanya usafi katika hospitali ya Woluwe. Nyumbani kwake Koekelberg dirisha la jikoni lilitazama kuba la kanisa la basilika, naye alipoamka kuswali alilipungia mkono kama jirani. Mtu akimuuliza kwa nini Ujerumani, alijibu jibu moja.

"Mwaka muzima nafuta vyoo vya wagonjwa. Siku mbili, muntu mwingine atandike kitanda yangu. Siku mbili tu. Nimeomba kitu kikubwa?"

Basi alipoingia chumbani hakutazama mto wala maua. Alivua kiatu, akapanda juu ya kiti, akapitisha kidole juu ya kabati, mahali ambapo hakuna mgeni anayefika. Kisha alishuka, akamwita mwenye nyumba, akamwonyesha kidole. Neno lake moja la Kijerumani lilikuwa *sauber*, yaani safi, na alilisema kama swali. Mama mmoja wa Cochem alirudi na kitambaa, uso umewiva kwa aibu, akapanda kiti kile kile. Maman Présidente aliketi kitandani akimtazama anavyofuta, kama mtu anayesikiliza taarabu.

Chakula nacho kilikuwa na sheria. Hakuna kula ndani ya basi. "Muzungu akikuona unakula mu bus, anajua utalala mu bus." Mezani alituagizia wote samaki wa mto, yule mwenye madoa, anayeletwa na kichwa chake na viazi pembeni, kwa sababu samaki hana nguruwe ndani. Hata hivyo aliingia hadi jikoni kuangalia alikaangwa kwa mafuta gani. Mpishi mmoja alijaribu kumzuia mlangoni. Alimpita kama pazia. Aliporudi mezani alimgeuza samaki kwa uma, akasema, "Huyu ni mukeke wa Tanganyika aliyeolewa Ulaya. Amekonda, lakini ana adabu."

Mwaka mmoja Mama Zawadi alificha ugali na sambaza, dagaa wa kwao Kivu, kwenye mfuko chini ya kiti. Tulipopita Liège harufu ikapanda. Maman Présidente hakugeuka.

"Sadiki, simama."

Sadiki akasimama kando ya barabara. Mvua ilikuwa ikinyesha.

"Nani amebeba mazishi mu bus yangu?"

Mama Zawadi akacheka. "Maman, ni kidogo tu, ya njiani."

"Bon. Njia ndiyo hii. Shuka ule."

"Mu mvua?"

"Sambaza haziogopi maji. Shuka. Kula yote, tunakungoja."

Mama Zawadi alishuka akicheka bado. Alisimama pembeni mwa barabara, magari yakimpita, akala ugali wa baridi kwa mkono, sisi tukimtazama kwa dirisha. Katikati ya ugali aliacha kucheka. Alipopanda, maji yakimchuruzika kwenye kitenge, Maman Présidente alimpa taulo aliyokuwa ameitoa mapema kwenye mkoba wake, ikiwa imekunjwa vizuri. Na mezani Monschau alimwambia mhudumu kwa vidole amletee samaki naye pia. "Huyu ameshakula," alitutangazia, "lakini mumupe, asiseme namubagua."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Ukitaka kumchukia kabisa, alikuharibia kwa taulo. Ukitaka kumpenda, ilikubidi uisahau mvua.

Mama Hawa alipofiwa na mumewe alivaa koti la marehemu mwaka mzima. Maman Présidente alimngoja mlangoni mwa mkutano. "Hawa, bwana yako alikufa. Ile koti, yenyewe inangoja nini?" Mama Hawa alilia hadi akashindwa kusimama. Baadaye tulisikia kwamba mazishi yote, jeneza na ndege ya kumrudisha marehemu Bujumbura, yalishughulikiwa na mwanamke huyo huyo, ofisi kwa ofisi, akiwatukana makarani kwa Kifaransa chake cha kupigwa na shoka.

Mimi nilimfahamu kwa kifo. Baba yetu alibaki kaburini Uvira. Mama alitutangulia kuja, akatuvuta mimi na Riziki, na Amani, aliyekuwa mdogo mno, akabaki kwa bibi hadi mambo yakae sawa. Hayakukaa. Mama aliugua, akafia katika hospitali ile ya Woluwe. Maman Présidente, aliyekuwa akifagia ghorofa ile, aliingia na ndoo yake, akatuona wasichana wawili kando ya kitanda, akaiweka ndoo chini na kufunga mlango. Ndiye aliyemwosha mama. Aliniita nimshikie maji. Alipofika miguuni alisema, "Miguu hii haikupumzika." Machozi yalianza kunidondoka, akanipiga kofi mkononi. "Usilie ndani ya maji ya maiti. Lia nje."

Tulipokuwa nje hakuniambia pole. Aliniuliza nilikuwa darasa gani.

"La tano, secondaire."

"Liliisha leo. Masomo ni ya batu wenye mama. Lundi utakuja na mimi, kuna muntu ameacha kazi ku buanderie."

Jumatatu nilikuwa chumba cha kufulia mashuka. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Kwa kazi ile Riziki alibaki shuleni, na hakuna aliyetutenganisha. Nilimchukia kila asubuhi nilipopita na mkokoteni wa mashuka, nikiona wanafunzi wa udaktari wa rika langu wakivuka bustani na vitabu. Na kila mwisho wa mwezi nililipa nyumba.

Sasa niseme habari ya picha.

Jumapili asubuhi, tukishamaliza mayai na mikate ya mviringo ambayo Wajerumani huileta ikiwa moto, tulipanga mstari mbele ya nyumba. Maman Présidente alikuwa na kamera, na mfuko wenye makoti matatu: la kijivu, jeusi, na jekundu lenye manyoya shingoni. Ulivaa lililokuenea, ukasimama kwenye ngazi ya mlango, mkono mmoja juu ya chuma cha kujishikia, kama mtu anayetoka kwenda sokoni.

"Usicheke sana," alifoka. "Mwenye nyumba hashangai nyumba yake."

Picha zilisafishwa, kila mmoja akapewa yake atume kwao. Nyuma hakukuandikwa kitu. Hiyo ilikuwa sheria pia. Kwa hakika hatukudanganya, maana hatukusema lolote. Sisi wa Brussels tulijua kwamba picha ya Ujerumani ni picha ya Ujerumani. Kila mmoja aliamini ndugu zake nao wataelewa. Mwezi mmoja baadaye, Buyenzi ya Bujumbura na Uvira na Bukavu, kulikuwa na familia nyingi zenye nyumba ileile.

Kiangazi cha kwanza baada ya mama kufa, mimi na Riziki tulipigwa picha mbele ya nyumba ya wageni ya Monschau. Nilivaa la kijivu. Nyuma yetu kulikuwa na maua, mbao nyeusi, na madirisha matatu juu ya matatu yenye vibao vya kijani. Nilimtumia bibi ajue tuko wazima. Jibu lilikuja kwa kaseti. Bibi alimshukuru Mungu aliyewapa wajukuu wake ghorofa, na kwa mbali sauti ya mtoto ikasikika: "Yaya, miye nitalala ku dirisha gani?"

Nilirekodi kaseti nyingine siku hiyo hiyo. Nilieleza pole pole kwamba ile ni nyumba ya kulala wageni, kwamba sisi tuna vyumba viwili Anderlecht, karibu na stesheni ya Gare du Midi. Nilimpa mtu aliyekuwa akisafiri. Barabara zilikuwa zimeanza kufungwa, na sijui kaseti ile iliishia mikononi mwa nani.

Bibi alifariki vita vilipokuwa vinakaribia. Jirani mmoja alimvusha Amani hadi Bujumbura, kisha Nairobi, na baada ya muda ambao sipendi kuukumbuka nilimpokea uwanja wa ndege. Alikuwa na begi moja, na ile picha ndani ya shati, imelainika kama kitambaa.

Nilimpandisha ngazi zetu juu ya duka la matairi. Alitazama meza, jiko, kitanda cha Riziki, godoro langu.

"Hapa ni kwa nani?"

"Kwetu."

Akacheka kwa heshima, kama mtu aliyeambiwa utani na mkubwa. Aliweka begi kando ya mlango na hakulifungua. Kila asubuhi alitoa nguo ya kuvaa, akazirudisha zilizobaki na kuvuta zipu.

"Yaya, tunaenda lini nyumbani?"

"Amani, hapa njo nyumbani."

"Hapa ni ku matairi. Nasema ile ya maua."

Nilimweleza. Riziki alimweleza. Mama Zawadi alimletea picha yake mwenyewe, ngazi ileile, ili aone kwamba nyumba ile ina wenyewe wengi mno. Alizishika zote mbili, akazilinganisha, akasema, "Donc naye alikuja kututembelea."

Haikuwa ujinga. Bibi ndiye aliyemwambia kwamba ile ni nyumba yetu, akimwonyesha kila dirisha, na bibi hakuwahi kumwambia uongo. Kuniamini mimi kulikuwa sawa na kumzika bibi mara ya pili, safari hii akiwa amepumbazwa. Alichagua kuniona mimi mwongo. Alisema nina nyumba na namficha, kwa sababu simtaki. Akaacha kula nilichopika. Kisha akalisema shuleni.

Mama mmoja wa ofisi ya watoto alikuja, mtu mpole, akaketi kwenye kiti chetu kizuri. Alitazama begi mlangoni. Aliniuliza umri wangu, akamuuliza Amani kama angependa kukaa kwa muda na familia nyingine, yenye bustani. Amani akamuuliza kama ina maua madirishani. Mama yule akasema atarudi baada ya majuma mawili kusikia mtoto ameamua nini.

Tangu mama alipofariki nilikuwa nimeshika neno moja tu: hawa wawili hawaendi popote bila mimi. Sasa niliona neno hilo likinitoka mkononi, na anayelitoa ni yule niliyemshikia.

Maman Présidente alisikia kutoka kwa Mama Zawadi. Alinikuta kazini, katikati ya mashuka.

"Samedi tunaenda Monschau. Lete mutoto."

"Maman, sina..."

"Nimekuuliza una nini? Lete mutoto, na begi yake."

Ndivyo tulivyokuwa sote ndani ya basi Jumamosi ile. Amani alikaa dirishani, nywele zimechanwa kwa maji, begi mapajani. Hakuwahi kuwa na furaha kama ile tangu afike. Alimwambia Mama Zawadi kwamba atamwachia chumba kimoja akija kulala. Mama Zawadi, mcheshi wa siku zote, alitazama nje.

Mvua ilikuwa imetoka kunyesha Monschau. Mawe ya barabara yaling'aa, na mto ulipita chini ya madaraja kwa kelele. Amani aliiona nyumba kabla yetu. Alikimbia kupitia matope ya ukingo wa mto, akasimama chini ya ngazi, akatoa picha, akatazama juu, akatazama picha.

"Njo hii," alisema. "Njo hii kabisa."

Maman Présidente alitukusanya nyuma yake kwa mkono mmoja, kama mtu anayezuia ng'ombe.

"Kuja hapa, mwanaume. Ni kwako?"

"Ndiyo, maman."

"Basi piga kengele. Uingie kwako."

Nikasema, "Maman, tafadhali. Ni mutoto."

"Funga kinywa. Weye umemwambia wiki ngapi? Amesikia? Sasa nyumba yenyewe itamwambia. Muntu yeyote asiseme kitu."

Amani alipanda, akabonyeza kengele. Mwenye nyumba, mama mzee mwenye aproni, alifungua mlango akitabasamu, maana alitufahamu. Alianza kusema neno, na Amani akapita chini ya mkono wake. Tulisikia viatu vyake vikipanda ngazi za ndani. Tulisikia mlango ukifunguliwa, wa pili, wa tatu. Kisha sauti ya mwanaume ikapaa kwa Kijerumani.

Fatuma akacheka. Anjelani akamgeukia, akamwambia, "Nyamaza, mwanamke." Lilikuwa neno la kwanza kati yao tangu mwezi wa tatu.

Mama mzee alimrudisha Amani amemshika mkono. Hakumvuta kwa nguvu. Begi lilikuwa limebaki juu. Alituuliza jambo, hakuna aliyemjibu. Watu waliokuwa wakipita na miavuli yao walisimama kutazama.

"Alors, patron?" Maman Présidente alisema, kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya mto. "Umeona chumba yako?"

Amani aliinamia viatu vyake vyenye matope.

"Nakuuliza. Nani iko ndani?"

"Muzungu."

"Anafanya nini mu chumba yako?"

"Ananyoa ndevu."

Mama Zawadi alijifunika uso.

"Na bibi yako alikuambia ni nyumba ya nani?"

"Maman, acha," nilisema. "Inatosha."

"Bibi yako alisema ya nani? Sema, batu wasikie."

"Alisema ni yetu."

"Bibi yako alikufa hajui kitu. Batu wengi wanakufa hawajui kitu. Weye uko hai. Ujue."

Nilitaka kumpiga. Nasema wazi, mkono ulikuwa umeshanyanyuka, na Sadiki aliushika. Amani aliketi kwenye ngazi, pale pale tuliposimama mimi na Riziki na koti la kuazima. Uso wake ulikuwa mkavu. Nilipanda nikaketi kando yake. Alisogea. Nikabaki.

Kisha alisema, "Bibi alikufa na furaha ya bure."

"Alikufa anajua tuko wazima. Hiyo haikuwa bure."

"Hatuna nyumba."

"Tuna vyumba viwili."

"Na choo ya batu wa duka."

"Na choo ya batu wa duka."

Riziki naye akaja akaketi upande wa pili. Tulikaa hapo tumebanana, njia ya wageni tumeifunga, na hakuna aliyetuambia tuondoke. Bega lake liliniegemea kidogo kidogo, kama kitu kinachoanguka bila kutaka kuonekana.

Nilipogeuka kutazama ndani, mlango ulikuwa wazi bado. Maman Présidente alikuwa amemwomba mwenye nyumba ndoo. Alikuwa amepiga magoti kwenye ngazi za ndani, kanzu yake ya sikukuu ameikunja kiunoni, akifuta matope ya viatu vya Amani, kipandio kwa kipandio. Mama mzee alisimama juu yake akipunga mikono kwamba si lazima. Mama Hawa aliingia kumsaidia, akafukuzwa. Alifuta ngazi zote, pamoja na zile ambazo hazikuchafuka, katika siku mbili ambazo kwa mwaka mzima alijiwekea za kutofuta. Kisha akakamua kitambaa, akateremka na begi la Amani mkononi, akatuambia samaki watapoa.

Amani alikula. Jumapili tulirudi, na Jumatatu nilipotoka kazini nilikuta begi tupu limening'inizwa msumarini, nguo zake zimepangwa kwenye rafu ya Riziki. Mama wa ofisi aliporudi alimwuliza ameamua nini. Alijibu kwa Kifaransa, polepole, kwamba anakaa hapa, na kwamba maua yanaweza kununuliwa.

Lakini alimkataa Maman Présidente. Alipokuja nyumbani, Amani alitoka. Nilipomwambia amsalimie, alisema hawezi, na mimi sikumlazimisha. Kwa miaka iliyofuata walipishana katika harusi na matanga kama watu wasiojuana. Naye hakuwahi kuuliza.

Mara ya mwisho nilipoongea naye kwa muda mrefu ilikuwa sokoni Gare du Midi, Jumapili moja ya baridi, karne ikiwa inaisha. Alikuwa ameacha kazi, na goti moja lilikuwa limekataa. Alikuwa akimtukana muuza nyanya. Nilimbebea mfuko, tukaketi kwenye kibaraza cha saruji chini ya reli, treni zikipita juu ya vichwa vyetu.

Nilikuwa nimeliweka neno lile moyoni muda mrefu, nikaona nilitoe.

"Maman, sijawahi kukuambia aksanti."

"Ya nini?"

"Ya Monschau. Bila weye wangemchukua mutoto."

Akacheka, kicheko kifupi cha pua.

"Unafikiri nilifanya vile sababu yako?"

"Basi sababu ya nani?"

"Sikiliza, ma fille. Nina batoto wane. Mmoja iko Lille, wawili hapa hapa, mmoja sijui. Hakuna hata mmoja anajua napanda tram gani. Nimewasomesha wote. Weye uliacha masomo, unafua mashuka ya batu, na wale wawili wanakufuata sawa vifaranga. Nikasikia huyu mudogo anasema yaya wake ni mwongo. Nikasema, bon. Leo atamukataa mbele ya batu, sawa wangu walivyonikataa. Nilitaka nione."

Treni ilipita. Alingoja kelele ziishe.

"Ukaona nini?"

"Nikaona anakaa na weye. Nikachukua ndoo, sababu sikujua nitazame wapi."

Nilimtazama mikono, ile iliyomwosha mama yangu, ikipanga nyanya upya ndani ya mfuko, laini juu, ngumu chini. Sikujua kama alikuwa ananiambia kweli, au alikuwa ananiharibia shukrani kama alivyoharibu kila kitu kizuri alichowahi kukitenda.

"Donc weka aksanti yako," alisema. "Lakini yule mutoto ana kitu yangu. Siku ile, aliposhuka ku ngazi, alifungua kinywa anitukane. Niliona. Neno lilifika hapa." Aligusa meno yake. "Akaona aibu, akameza. Ile tusi ni yangu. Sasa batu wote wananiambia shikamoo, maman, uko aje, maman, halafu wanaenda. Mwambie aje. Akae mbele yangu anitukane vizuri, mpaka amalize. Nitapika."

"Nitamwambia."

"Mwambie asichelewe."

Nilimpandisha tram ya Koekelberg. Hakugeuka kunipungia.

Jioni nilimwambia Amani, neno kwa neno. Alikuwa ameshanipita kimo. Aliendelea kula hadi akamaliza sahani.

"Yaya, akitaka kutukanwa, sitampa," alisema. "Na nikienda kumshukuru, atafurahi vilevile. Niende na nini?"

Mimi mwenyewe sijui. Nimemwambia tena mwezi uliopita, na jana. Mama Zawadi anasema goti la pili nalo limeanza kukataa, na kwamba kila Jumapili yule mzee hupika chakula cha watu wawili, akakaa nacho mezani hadi kipoe.

Amani anasema bado.